Dumu la Kahawia

Jumatatu, 4 Machi

Bila mimi, utafiti wa figo pale hospitali kuu ungeshafungwa. Kweli tupu! Wanajaribu njia mpya ya kupandikiza: mgonjwa apewe figo na ndugu yake, halafu asimeze vidonge vingi maisha yote. Ukoo mzima umepimwa. Dada yangu ana presha. Kaka yangu ana sukari. Nimebaki mimi – chuma! Daktari mkuu alinitazama, akaniandika papo hapo.

Figo anaitaka mpwa wangu, Pilipili, binti wa dada. Nimemwambia achague, ya kulia au ya kushoto. Mikono yake imetobolewatobolewa na sindano za mashine ya kusafisha damu, lakini mdomo uko palepale: Mjomba, nipe ile isiyojua kuongea.

Jumanne, 5 Machi

Kazi ya kitaalamu. Dada wa maabara kanipa dumu la kahawia. Mkojo wote, kutwa na kucha, humo humo. Usipotee hata tone, anasema, ndiyo tujue figo zinachuja kiasi gani. Ananifundisha mimi!

Kisha gereji. Mafundi: Profesa, utafiti unaendaje? Maana wanajua mimi ndiye nampangia daktari kazi. Nikawaeleza nilivyomsahihisha habari za kibofu. Mmoja akaagiza chai. Nikasimulia hadi jua likazama.

Jumatano, 6 Machi

Usiku, dumu. Alfajiri, dumu. Nimelipeleka mwenyewe, limefungwa kwenye gazeti.

Alhamisi, 7 Machi

Majibu. Mabaya.

Daktari anasema damu yangu nzuri, lakini mkojo unaonyesha figo zinachuja nusu. Haelewi. Akaniuliza kwa upole, mzee, ulikusanya wote? Kama kuna uliopotea tunarudia tu, si kosa. Dada yangu kaketi kulia, Pilipili kushoto, wote wananitazama.

Nikasema wote! Mimi mtoto?

Basi akaandika. Hawawezi kunitoa figo hata moja. Na orodha ya utafiti inafungwa kesho mchana. Nyingine itafunguliwa lini, hajui.

Dada akanishika mkono. Pole, kaka, kumbe nawe mgonjwa. Wananililia mimi!

Sikula.

Ijumaa, 8 Machi

Benchi, nje ya chumba cha daktari. Pilipili yuko kwenye mashine, chumba cha pili. Kabla hajaingia kanipa chupa yake ya maji, ile anayopimiwa kwa vikombe, maana haruhusiwi kunywa zaidi. Kunywa, Mjomba, utunze hicho kidogo ulichobakiwa nacho. Hakutania. Afadhali angenitukana!

Nimeshaingia kwa daktari mara moja. Nikamwambia vipimo vyao vibovu. Akasema vipimo ni vizima, mzee, nenda kapumzike. Nikatoka.

Dada wa maabara amepita na madumu matupu. Kanisalimia kwa huruma, kama msibani.

Orodha iko mezani kwake daktari. Naiona kutoka hapa.

Jumanne, gerejini, kila baada ya chai nilikuwa nazunguka nyuma ya ukuta. Dumu lilikuwa nyumbani, chini ya kitanda. Niliona haya mafundi wamwone Profesa akikojoa kwenye dumu.