Sukari Niliyoimwaga

Nuria mjukuu wangu,

Nimegonga mlango wako mara mbili, hukuitika. Una haki. Nimetangulia hospitali kukaa na mama yako.

Mkaa wa kuokea biskuti nimeshauwasha. Weka mwingi juu ya mfuniko wa sufuria, chini kidogo tu. Donge la unga lipo kwenye friji, pamoja na juisi ya matufaa uliyoichemsha ikawa nzito. Hiyo sikuigusa.

Asubuhi niliona sukari imekuwa nyekundu, inatoa moshi, nikajua umeisahau motoni kwa ajili ya simu. Nikaimwaga kwenye majivu, nikakusema maneno mengi. Ulipojifungia ndipo nikafungua daftari la mama yako: “Unguza sukari mpaka ifanane na chai ya rangi, utie maziwa. Hiyo ndiyo ya kujaza ndani.” Mwandiko wake mwenyewe. Siku tatu uji unamshinda, jana kaomba biskuti hizi kwa mdomo wake, na mimi nimemwaga.

Sukari nyingine ipo kwenye kopo la bluu, ile ya chai yangu. Itumie yote.

Saa ya kuona wagonjwa ni kumi jioni. Akiziulizia kabla hujafika, ~~nitamwambia umechelewa kuamka~~ nitamwambia ni mimi.

Kitendawili: kitu gani kikiungua ndipo kinaliwa? Asubuhi nisingeweza kukijibu. Jibu lake njoo nalo kwenye bakuli lenye mfuniko, tumlishe sote wawili.

Bibi yako