Umbali wa Kutoka Vienna Hadi Wien

Wien, 6 Februari 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na mama, na kwamba ng'ombe hawajambo. Mimi na Najim tunaendelea vizuri, ni baridi tu inayotutesa.

Siku niliyoolewa ulisema nisikupigie simu tena. Hukusema nisiandike, kwa hiyo naandika. Najua hukutaka niolewe na Mwislamu, tena kijana wa gereji ya Ngarenaro. Lakini baba, mtu huyu ananitunza. Amepata kazi ya kutengeneza mabasi ya mji, nami nahudumia wazee wasio na wa kuwaangalia. Kila ninapomvika mzee soksi nakukumbuka.

Mji wetu unaitwa Wien. Anwani nimeiandika nyuma ya bahasha kwa herufi kubwa. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao,
Silantoi


Olmotonyi, 20 Oktoba 2024

Mwanangu Silantoi,

Natumaini u mzima, pamoja na Najim na mtoto. Mimi afya ipo, ila nyumba imepoa tangu tumzike mama yako. Usijilaumu kwa kutofika mazishini. Dada yako Tekla alinieleza, na mtoto wa siku tisa hasafirishwi.

Nimekaa na barua yako mwaka na miezi minane bila kuijibu. Sasa nina jambo ambalo sina mwingine wa kumwambia.

Mwezi wa tano mwaka huu nilialikwa, pamoja na wastaafu wenzangu wawili wa misitu, kwenye semina ya siku nne huko Ulaya. Karatasi zote zilikuwa za Kiingereza, na mji umeandikwa Vienna. Mama yako akaniuliza, "Kutoka huko hadi kwa Silantoi ni mbali?" Nikafungua atlasi yangu ya zamani, ile ya Kiingereza. Wien sikuiona. Nikamwambia, "Ni mbali. Kitakuwa kijiji." Hakubishana. Alichukua barua yako akaitia mfukoni mwa koti langu, akasema, "Ukifika, uliza."

Sikuuliza. Hasira ilikuwa bado hai. Neno Wien niliona limeandikwa kwenye mabasi, nikadhani ni jina la kampuni.

Siku ya kuondoka, tukiwa uwanja wa ndege, moyo ulinishinda. Nikamwonyesha mwenyeji wetu bahasha. "Kufika hapa ni mwendo wa saa ngapi?" Akaisoma, akaniangalia. "Mzee, ni mji huu huu. Sisi wenyewe tunasema Wien. Vienna ni Kiingereza." Akasema kwa treni ni nusu saa. Wakati huo abiria walikuwa wameshaanza kuitwa.

Miaka thelathini nimewafundisha vijana kwamba oloirien wa Wamaasai na mzeituni pori wa Waswahili ni mti mmoja. Mji anaokaa mwanangu mwenyewe ukanishinda.

Nilipofika nyumbani mama yako aliniuliza. Niliona aibu. Nikasema, "Si nilikwambia ni mbali?" Akasema, "Haya," akaenda kukoroga uji. Amekufa akiamini hivyo.

Baba yako,
Yoeli


Wien, 11 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Pole kwa upweke. Sisi hatujambo, na mtoto ameanza kucheka.

Mama hakufa akiamini hivyo.

Siku ya pili ya semina yako alinipigia kwa simu ya Tekla. "Baba yako yuko Vienna. Ni mbali na kwako?" Nikamwambia, "Mama, Vienna ndiyo Wien. Waingereza wana majina yao kwa miji ya watu. Köln wanaiita Cologne, Praha wanaiita Prague." Akasema, "Basi mfuate wewe. Yule hatakuja, unamjua."

Nilitafuta mtandaoni nikaupata ukumbi. Siku ya tatu niliomba ruhusa kazini nikaja, mimba yangu ikiwa ya miezi mitano. Nilikuona kupitia kioo cha mlango. Ulikuwa umeshika kikombe cha kahawa, unacheka na Wazungu. Nikasema moyoni, yuko katika mji wangu, anacheka, na hajanitafuta. Nikageuka. Mama nikamwambia nimekukosa.

Uliporudi alinipigia tena. "Baba yako anasema Wien ni mbali. Hajui kwamba alikuwa kwako. Usimwambie kamwe, itamuumiza mno." Nikamwahidi. Kumbe ulikuwa unajua, unamficha yeye, naye anakuficha wewe, nami nawaficha wote wawili.

Ule mlango haukuwa umefungwa, baba. Ningeusukuma tu.

Mwanao,
Silantoi


Olmotonyi, 2 Desemba 2024

Mwanangu Silantoi,

Salamu kwako, kwa Najim na kwa mtoto. Mimi naendelea, kifua tu kinanisumbua asubuhi kwa hii baridi ya mlimani.

Siku ile ya kahawa naikumbuka. Nilicheka kwa sababu wengine walicheka. Kiingereza chao kilikuwa kinanipita. Unadhani ungeingia tu mambo yangekwisha. Ningependa nikwambie ningekukumbatia, lakini sitakudanganya. Mwezi wa tano sikuwa mtu wa kukumbatia. Huenda uligeuka ukiwa umeniona vilevile nilivyokuwa.

Ndugu zangu wa Oldonyo Sambu nimewaambia mkwe wangu anaitwa Najim, na kwamba siku akija mbuzi atachinja yeye mwenyewe, ili naye ale. Mmoja aliguna. Nikamwacha agune.

Siku zote tulipokosana, mama yako ndiye aliyechukua maneno yangu akakuletea, na yako akaniletea. Juzi nilikuwa nimekaa jikoni, nikajikuta nasema, "Nosim, hebu mwulize mwanao watakuja lini." Nikasubiri anijibu.

Basi nakuuliza mwenyewe. Mtakuja lini?

Baba yako,
Yoeli