Oili Uliyotuletea Kwenye Pipa

Mount Horne,
St. Andrew, Grenada.
19 Februari 2023

Mpendwa mdogo wangu Rawle,

Salamu kutoka nyumbani, na pole na baridi ya Brooklyn. Hujambo wewe? Denyse hajambo? Mtoto anaendeleaje na kifua chake? Na mgongo wako je, bado unakusumbua kwa kule kusimama ukilinda mlangoni kwa muda wa saa kumi na mbili mfululizo? Sisi huku hatujambo. Mvua haijataka kuisha, mashelisheli yanaoza chini ya mti kwa kukosa mlaji, na Mama yupo. Damu yake inasafishwa mara tatu kwa wiki kama kawaida, na nguvu za kunisema bado anazo.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu, Rawle, unaanza wewe kuongea na unamaliza wewe, na Mama huwa amekaa ubavuni mwangu akinikodolea macho. Karatasi haikatizwi maneno. Kaa kitako usome hadi mwisho.

Ni habari ya gari. Unakumbuka siku tulipofungua pipa la Krismasi ulilotutumia. Majirani walijaa sebuleni, nawe ulikuwa kwenye simu ukitazama na kutangaza kila kinachotoka: mchele, sabuni, viatu vya Mama, nyama za kopo, na katikati, zimeviringishwa kwenye taulo kama vichanga, chupa sita za oili nyekundu. Ulicheka ukasema sasa gari la Dada litapanda mlima kwa nyimbo. Watu walipiga makofi, nami nikapiga.

Mwezi wa kumi uliniuliza nahitaji nini, nikakwambia oili ya giaboksi, kwa kuwa gari lilianza kutetemeka mlimani na huku oili hiyo ni ghali. Ukaniuliza ya aina gani. Nikajibu yoyote. Niliona haya kuchagua kwa jasho la mtu mwingine. Kosa hilo ni langu, wala sitaki unigombanie nalo.

Baada ya Mwaka Mpya nilizipeleka chupa kwa Ferdie, yule fundi wa nyuma ya kanisa aliyeliangalia gari hili tangu lishuke melini. Alivaa miwani, akasoma yale maandishi madogo ya mgongoni mwa chupa, akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba gari letu halina gia kama magari mengine. Ndani mna mkanda wa chuma unaozunguka, na una oili yake ya pekee, ya kijani, inayoufanya ushike usiteleze. Ile nyekundu ni ya giaboksi za namna nyingine.

"Dada Verlyn, oili hii ni nzuri, ila si ya gari lako," akaniambia. "Nikiitia, utarudi hapa unavutwa kwa kamba, halafu utanichukia mimi."

Nikazirudisha chupa nyumbani, nikazisukuma chini ya sinki. Nia yangu ilikuwa kujibana mwezi mzima ninunue ile ya kijani kimyakimya. Lakini Jumapili ukapiga simu, na hata salamu hazijaisha ukauliza kama nimeshatia oili yako. Nikasema nimeshatia, na linakwenda vizuri sana. Nilisikia jinsi ulivyofurahi. Ulimwita Denyse aje asikie.

Mama unamjua. Alingoja nikate simu, akaniambia nimemdanganya mdogo wangu siku ya Bwana, tena mbele yake yeye Mama. Kwamba wewe umesimama kwenye baridi ununue chupa zile, na mimi nazifungia na sabuni za vyombo kama takataka. Nikamweleza maneno ya Ferdie. Akasema Ferdie anataka kuuza oili yake.

"Umesema umetia," akasema. "Basi kesho nenda ukatie, iwe kweli."

Ningekataa, Rawle. Nina miaka hamsini na moja, si mtoto. Lakini nilikuwa nimechoka. Nimechoka kubishana, nimechoka kuhesabu sasa ni zamu ya tairi au ya breki au ya betri, nimechoka kumwomba Ferdie anisubiri. Chupa zilikuwa pale bure. Sikurudi kwa Ferdie, nilikuwa na aibu. Nilikwenda kwa yule jamaa wa kituo cha mafuta ambaye hutia chochote unachomkabidhi. Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuziba, ila kwa udongo usio wake.

Siku tisa gari lilikwenda laini kama jipya, hata nikamcheka Ferdie moyoni. Siku ya kumi ilikuwa Jumatano ya hospitali. Tulipofika kwenye kona za mlima wa Grand Etang, ukungu umeshuka, injini ikaanza kunguruma na gari haliendi. Nikikanyaga, kelele tu. Kisha likaanza kurudi nyuma pole pole, na Mama yuko kiti cha nyuma na blanketi lake. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili hadi likasimama. Sijawahi kuogopa namna ile.

Lori la kungumanga ndilo lililombeba Mama hadi mjini. Alifika amechelewa saa mbili, mashine yake wamempa mgonjwa mwingine, akalala na sumu yake mwilini hadi kesho yake. Usiku ule alipumua kwa shida, na mimi nilikaa kitandani kwake nikimsikiliza kila pumzi. Sasa ni mzima, usitupe barua kukimbilia simu.

Gari limelala uani. Ferdie alilifungua, hakuniambia neno la kunisuta, jambo ambalo liliniuma zaidi. Giaboksi imekwisha. Nyingine iliyotumika ipo Trinidad, dola elfu nne na mia tano za hapa kabla ya kuifunga. Ile ya kijani ingekuwa dola mia tatu. Siku za hospitali tunakwenda na gari la jirani, Bwana Alleyne, kwa kumlipa, na siku asipokuwepo nahangaika.

Mama alinikataza kukwambia. Alisema mwache mtoto aamini kwamba ametuvusha mlima. Nami ningenyamaza. Lakini Jumapili iliyopita ulituambia unajaza pipa la Pasaka, chupa kumi na nane, kwa gari la binamu Cosmos na basi dogo la kanisa pia, na kwamba umechukua zamu za Jumamosi kulipia. Gari la Cosmos ni ndugu wa hili letu, mkanda ule ule. Sikupata usingizi.

Sikulaumu, Rawle. Ulituma kwa upendo na mimi nilipokea kwa uwongo.

Nilikuwa nimefika hapo Mama akaingia akanikuta. Nikaona bora nimsomee yote kuliko kuficha tena. Nilingoja anirarulie karatasi. Aliitazama miguu yake.

"Basi mwambie," akasema. "Mwambie na viatu havinitoshi. Miaka tisa havinitoshi."

Nikaenda kutazama chini ya kitanda. Jozi tisa, Rawle, kila pipa jozi moja, kwenye maboksi yake, namba ile ile aliyokuwa akivaa ulipoondoka. Miguu yake imevimba tangu figo zianze kuharibika. Mimi ninayemwosha miguu hiyo nilidhani anavitunza kwa kupenda malapa. Nililia, na yeye akanicheka.

Kila mwaka unasema utakuja nauli ikipatikana. Nauli yako ndiyo tunayoifungua hapa sebuleni kila Krismasi na kuipigia makofi. Pipa hilo lirudishe dukani, zamu za Jumamosi endelea nazo, na ununue tiketi. Gari tutalijua baadaye. Njoo uuone mguu wa mama yako angali anautumia. Njoo mikono mitupu.

Nisalimie Denyse, mbusu mtoto. Shangazi Ionie na Cosmos wanakusalimu. Mama anasema Mungu akulinde mlangoni hapo unaposimama, na uvae kofia.

Ni mimi dada yako, niliyechoka na yote isipokuwa kukupenda,

Verlyn