Tiyo Tuliyoikata

Papa Cirhuza,

Mashine yetu ya gaz ya ziwani inaanza tena kazi kesho. Sina mwingine wa kumwambia. Bibi yangu amechoka kunisikiliza, anasema miaka yote uliyonifundisha umekanika imenifundisha kulia tu.

Patron wa usine yetu ya kukausha chai ameleta pompe mpya ya maji. Iko na rangi ya kijani, inanguruma vizuri, ungeipenda, nakujua. Lakini tiyo, bomba la kurudisha maji machafu ziwani, iko ile ile fupi. Nilimuuliza, akasema tiyo ndefu itakuja wakati mashine italeta faida. Ningefanya nini? Niko na watoto wane kule Bagira, wanakula kila siku.

Unakumbuka vile ulikuwa unaelezea wageni? "Gaz ya ziwa hili iko ndoa mbaya: mumoja anawaka, mwenzake anazima moto." Ndiyo maana tuliiosha kwa maji. Maji yanabeba ile hewa nzito, inabaki ile ya kuwaka, na chai inakauka bila kukata muti hata mumoja. Ulikuwa unasimama mikono nyuma, kama préfet wa shule. Ee Papa, ulijivuna weye!

Hakuna mugeni aliyeuliza hewa nzito tunaipeleka wapi. Ilipaswa kurudi chini kabisa ziwani. Lakini kuosha kulikunywa mafuta ya mazout, kusukuma maji chini kukanywa mazout ingine, mwisho tukawa tunachoma mazout karibu sawa na gaz tuliyopata. Patron akasema ama tupunguze mazout, ama afunge. Siku ile ukachukua musumeno. "Tumwage kwanza hapa kwa kibonde nyuma ya hangar," ukasema, "ni kwa muda tu." Miye ndiye niliyeshika tiyo ukikata.

Kuku wawili wa sentinelle, mulinzi wetu, walipokufa mule kibondeni, tulisema ni ugonjwa wa kuku. Tukawala. Uliniachia paja.

Kisha ukaelewa kwamba hewa nzito inalala mule chini, ukaanza kushusha taa kwa kamba kila asubuhi. Ikizimika, hakuna kushuka. Lakini asubuhi ile valve ya chini iliziba, upepo haukuwepo, na petroli ya taa ilikuwa imekosekana Bukavu muzima. "Nashuka mara moja tu," ukasema. Mara moja! Ulifika, ukakaa chini taratibu kama mutu aliyechoka na kazi. Nikakuita. Nikashuka nyuma yako, sentinelle akanivuta kwa shati. Ulikuwa hatua ine kutoka kwangu, Papa. Hatua ine, na sikuweza kukugusa.

Haujui waliyosema matangani. Walisema ulilishwa sumu. Wakamusonta Maman Nabintu, jirani yako, kwa sababu jioni iliyotangulia ulikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwake. Patron alisikia, hakusema hapana, ilimufaa. Na miye nilikuwa nimekaa palepale kwa mukeka, mutu mumoja tu mule nyumbani aliyejua, nikaangalia miguu yangu. Niliogopa kazi. Niliogopa pia kusema kwamba ni sisi wenyewe. Walimutupia mawe juu ya mabati siku tatu, mpaka akafunga mizigo akarudi kwao Luhwindja. Alikuwa amekulilia kuliko wote, maskini.

Kesho nitaiwasha. Siwezi kuizuia, Papa, nimejaribu kufikiri kila njia na nimechoka. Nikikataa, wataweka mwingine asiyejua hata habari ya kushusha taa. Pengine siku moja patatokea watu wenye tiyo ndefu na mazout ya kutosha, gaz ikawa safi kweli kama ulivyoota. Miye sioni. Naona kibonde tu.

Lakini Jumapili, siku ya yenga, napanda camion ya Luhwindja. Nitasimama mbele ya Maman Nabintu na mbele ya ndugu zake wote, niwaambie kilichokuua ni hewa ya mashine, na tiyo tuliikata sisi wawili. Watasema ulijiua kwa ujinga wako. Jina lako litachafuka, na ulilipenda jina lako. Nisamehe hiyo, maana nitaisema.

Pumzika, Papa. Mbele yako sina uso, lakini mbele ya yule mama sina hata kauli. Akinifukuza, nitakaa nje ya lupango ya nyumba yake mpaka amalize kunitukana.

Miye wako,
Mushagalusa