Pikapu Ilienda Kianjokoma Tupu

Jumatatu, 3 Machi

Maziwa nimepeleka. Ndizi za jirani nimepeleka. Nikarudi nikaosha pikapu huko nyuma na ufagio kama kila siku, na kidole ikaingia kwa shimo. Kutu. Mkojo wa ng'ombe umekula chuma mpaka naona majani chini. Kirimi alikuwa amesimama hapo na kikombe ya chai yangu mkononi. Akasema, "Mwongo, hiyo si gari. Hiyo ni chujio." Nilicheka. Kisha nikakasirika. Mtu anaita gari yangu chujio na bado anamaliza chai yangu.

Kirimi ni rika langu. Tulitahiriwa siku moja, shamba yake na yangu zinagusana. Ananiita Mwongo tangu tukiwa vijana. Mimi namwita Mguu Fupi. Mwingine akijaribu tunamfukuza sisi wawili.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya Mutwiri imepangwa. Huyo ni kijana wa Kirimi, wa mwisho. Msichana anaitwa Wawira, kwao ni Kianjokoma, huko Embu. Tunapeleka mahari Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Mbuzi, asali, blanketi ya mama, soda. Na mbele ya yote, mwati, yule kondoo jike mchanga hajazaa bado. Baba ya msichana ametuma neno: mwati isipokanyaga boma, mdomo haufunguliwi.

Msemaji ni mimi. Ningekuwa nani? Mdomo kama huu haipatikani kutoka hapa Kaaga mpaka Chuka. Na wanyama watapanda gari yangu. Hiyo niliapa mbele ya watu Mutwiri akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Wakati huo sikuwa na hata baiskeli. Kirimi hajasahau. Leo ameniuliza kama chujio itafika Embu.

Nitamwonyesha.

Ijumaa, 7 Machi

Mama Gakii anasema niweke mbao juu ya shimo. Huyu bibi yangu kila kitu ni mbao. Mbao ni ya watu wa kubeba mchanga. Mimi ni msemaji.

Nimezaliwa Kaaga, katikati ya mashule yote hii, na hakuna hata moja ilinishika. Herufi nilishikia kwa ngumbaru, masomo ya watu wazima, nikiwa na mvi. Lakini gari hakuna wa kunifunza. Nimebeba kwaya nzima na kinanda yao. Nilibeba fahali ya kanisa mpaka Nkubu, ikasimama na miguu mbili, ikaweka kidevu juu ya kebini, na watu wakaisalimia njia yote wakidhani ni mzee wa kanisa.

Kirimi anasema ilikuwa ndama. Alikuwako, ndio shida.

Jumamosi, 8 Machi

Nilishuka Majengo, kwa gereji nyuma ya wachinjaji. Fundi anaitwa Musa. Kijana mnene, mcheshi, lakini hajanifikia. Akanionyesha vitu. Kuna bati nzito ya vidoti, inapigwa riveti. Maji inaingia chini yake na kutu inaendelea kula pole pole kama mgeni mwenye adabu. Nikakataa. Kuna beseni ya plastiki ya kuingiza ndani. Inacheza, inapiga kelele. Nikakataa. Halafu kuna raba ya kupuliza. Inakuja ikiwa maji maji, wanaipuliza na mashine, inashika chuma kama ngozi. Huwezi kuing'oa. Hapo nikasimama.

Raba iko mbili. Moja ina vipele, inakwaruza mkono kama ulimi wa ng'ombe. Haing'ai. Ya pili ni laini, nyeusi, inang'aa, unaona meno yako ndani. Musa akauliza nabeba nini. Nikamwambia nabeba mahari. Akasema, "Basi chukua ya vipele, mzee, mbuzi ipate mahali pa kushika." Akazigonga zote mbili na nyundo, hakuna iliyoumia.

Nilikuwa naangalia meno yangu.

Jumatano, 12 Machi

Nimechukua ya kung'aa. Wameziba shimo, wakasugua chuma yote na grenda mpaka ikawa nyeupe, wakafunika kebini na magazeti, wakapuliza. Musa ameniambia nisibebe kitu kabla ya Jumatano ingine. Sawa. Nilirudi nyumbani nikiangalia kioo ya nyuma kuliko barabara. Karibu nigonge mama wa viazi.

Alhamisi, 13 Machi

Watu wamekuja kuona. Mwalimu mkuu amekuja. Nimewaambia raba hii inatumika kwa meli za vita. Hakuna aliyekataa. Kirimi akapitisha mkono juu yake, akarudia mara ya pili, nikajua nimemshinda. Halafu akasema, "Mwongo, hapa mbuzi itajiona ifikirie wako wawili."

Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jumatatu, 17 Machi

Maziwa amepeleka mtu wa boda. Ndizi nimewaambia wangoje. Nimepangusa raba na kitambaa ya Mama Gakii ya kanisa. Sikumwambia.

Alhamisi, 20 Machi

Wiki ya Musa iliisha jana. Raba imekauka, ni ngumu kama jiwe. Lakini nimeota mbuzi zimejaa ndani, zinakojoa, kwato zinachora. Nimeamka vibaya.

Nimeenda kwa Kirimi nikamwambia akodi kanta, ile lori ndogo. Ati wanyama wapate nafasi. Ati mimi nibebe wazee kwa kebini, ni heshima zaidi. Niliongea vizuri sana. Mdomo yangu ikitaka inaweza kuuzia mtu kivuli yake. Kirimi alikuwa anakamua ng'ombe. Hakugeuka. Akasema, "Wewe ndio uliapa." Nikasema gari ni ile ile, ni mpango imebadilika. Akasema sawa.

Sikupenda ile sawa.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika kabla sijalala kwa sababu silali.

Tulitoka asubuhi. Mimi na Kirimi na kaka yake mkubwa kwa pikapu. Mutwiri na vijana kwa gari ya kukodi. Kanta ya wanyama nyuma. Hewa ilikuwa nzuri. Chuka nimesimama niipanguse vumbi. Kaka ya Kirimi akauliza kama naenda kuoa mimi.

Kanta ikaharibika Runyenjes. Shafti. Sisi tulikuwa mbele, hatukujua. Tumefika Kianjokoma saa nne na nusu, na wamama wa kwao wakashuka kwa lango wakiimba, wamefunga njia na leso kama desturi. Walikuwa wamejipanga kupokea. Wakaona pikapu, wakazunguka nyuma kwa nguvu, vigelegele, mikono juu. Wakachungulia.

Vigelegele ilikatika.

Kulikuwa na nyanya mmoja wa mwili mdogo sana, amevaa sweta ya kijani. Akaangalia raba yangu inang'aa kwa jua. Akasema, "Hii sahani imeoshwa vizuri. Chakula iko wapi?"

Walicheka wote. Mimi ndio msemaji. Mimi ndio wa kumjibu. Nilifungua mdomo na hakuna kitu ilitoka. Mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Simu ya Mutwiri ikalia, tukajua mambo ya kanta. Runyenjes si mbali. Ni kwenda na kurudi, chai haijapoa. Kirimi akaja kwa dirisha yangu, akaweka mkono kwa mlango, akasema pole pole ili watu wasisikie, "Mwongo, rudi utuletee mwati. Hiyo moja tu."

Kondoo moja. Mchanga.

Nikamwambia itateleza. Nikamwambia raba bado haijashika vizuri, Musa alisema.

Aliangalia raba. Akaniangalia. Alikuwa ameipitisha mkono yeye mwenyewe, anajua imekauka. Aliniita mwongo miaka yote hiyo na leo ndio mara ya kwanza nimemdanganya. Akatoa mkono kwa mlango.

Ile gari ya vijana ilikuwa imezibwa kando ya barabara na magari ya wageni wengine. Mutwiri alikimbia mpaka stendi na viatu vipya, akachukua boda. Tulisimama nje ya lango. Jua. Hakuna aliyetupatia kiti, kwa sababu mwati haijakanyaga. Baba ya Wawira alikuwa mlangoni kwake amekunja mikono. Si mtu mbaya. Alikuwa anangoja kama sisi.

Boda ikarudi. Dereva mbele, Mutwiri nyuma, na mwati katikati imekumbatiwa kama mtoto wa chanjo. Suti ya bwana harusi imekojolewa kifua yote. Ile suti ya rangi ya maziwa. Akashuka, akaweka mwati chini, ikakanyaga boma, na wamama wakaimba tena. Nyanya wa sweta ya kijani alimpangusa na leso yake mwenyewe. Akasema huyu mkwe amebeba mahari na mikono, huyu atabeba mtoto wangu. Kwa hivyo yote ikageuka ikawa nzuri. Kwao.

Ndani, saa ya kuongea ilipofika nilisimama. Kirimi akanishika koti, hakuvuta, alishika tu. Nikakaa. Akasimama mwenyewe. Kirimi hajui kuongea mbele ya watu. Aliongea maneno machache yamepinda, na walimkubali.

Kanta ilitengenezwa jioni, ikaleta mbuzi, watu wakala. Kurudi, Kirimi alipanda nyuma ya kanta na makreti ya soda. Mimi nilirudi Meru na kebini tupu. Kaka yake alinitoroka pia.

Jumapili, 23 Machi

Sikuenda kanisa.

Jumanne, 25 Machi

Mama Gakii amesikia yote kwa wanawake. Hakupiga kelele. Alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Uliipaka ili ibebe. Sasa ni wewe unaibeba." Akaendelea kumenya.

Nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji.

Alhamisi, 27 Machi

Kirimi hajakuja kuchukua chai asubuhi. Wiki nzima. Namwona kwa ua akikata majani ya ng'ombe. Nikimwita anainua mkono. Mkono tu.

Jumamosi, 29 Machi

Watu wa Embu wanakuja kutembea kwa Kirimi baada ya Pasaka. Wanataka viti, hema, na fahali moja kutoka sokoni. Nimeenda nimevaa kofia nzuri. Nikamwambia, Mguu Fupi, fahali niachie mimi, nitaibeba, hata ikitaka iweke kidevu juu ya kebini. Nilimwachia hapo nafasi aseme ilikuwa ndama. Niliiacha wazi kabisa.

Akasema, "Asante sana, Mzee Mburugu. Tumeshapata gari."

Mzee Mburugu. Chifu ndio ananiita hivyo. Daktari. Kirimi hajawahi kutumia jina yangu tangu nilipewa. Hata siku ya mazishi ya mama yangu aliniita Mwongo, na nilishukuru.

Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 31 Machi

Leo nimefanya kitu ya upumbavu. Nilikasirikia raba. Nikachukua mawe ya ujenzi iko nyuma ya choo, nikaitupa ndani moja moja kutoka juu ya bega. Nilitaka kuona imechubuka. Nilitaka iwe na alama kama gari ya mtu. Mama Gakii akatoka kuangalia, akarudi ndani.

Nikatoa mawe, nikapangusa vumbi. Hakuna alama. Hata mkwaruzo.

Basi nikashika mbuzi yetu ya maziwa, nikaipandisha. Nikazunguka nayo mpaka barabara ya shule na kurudi, kona zote, nikifunga breki kwa nguvu. Haikuteleza. Ilisimama katikati inatafuna, inaangalia watu. Ilikojoa. Nikamwaga maji kidogo, ikaisha.

Ingebeba mwati. Ingebeba mbuzi zote, na asali, na nyanya wa sweta ya kijani akiwa amekaa juu. Musa hakunidanganya. Raba haina makosa hata kidogo.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya kanisa nimeingia kwa hoteli ya chai pale sokoni. Kirimi alikuwa benchi ya pili, mgongo kwangu. Vijana wakaniomba hadithi. Nikawapa ile ya fahali. Nikaiongezea pembe. Nikasema hata askari wa barabarani alipiga saluti. Waliitikia na kichwa, macho kwa simu. Mmoja akasema, "Noma sana, mzee." Hakuna aliyekataa hata neno moja. Hadithi bila mtu wa kukukatalia ni kama kupiga makofi na mkono mmoja mfukoni.

Nilingoja. Kirimi akavuta chai yake. Mgongo haikutingika.

Nikasema mwenyewe, kwa sauti, "Ilikuwa ndama."

Vijana hawakuelewa. Kirimi alisimama, akaweka kikombe, akavaa kofia. Akipita alisimama karibu na meza yangu kidogo. Nilidhani inakuja. Akasema, "Siku njema, mzee." Akaenda.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Raba inakataa maji, inakaa juu yake matone matone, nyeusi inang'aa. Ni nzuri bado. Sitasema si nzuri.

Kirimi amepita na ndama yake, anaipeleka kwa daktari wa mifugo kwa miguu. Wote wawili wamelowa. Niliangusha mlango wa nyuma wa pikapu mpaka chini, ulilia sana, lazima alisikia. Aliinua mkono. Ndama iliangalia kuliko yeye.

Sijaufunga. Mbuzi imepanda yenyewe, imelala humo ndani, imechafua kona. Nimeiacha. Mama Gakii ameuliza mlango uko wazi wa nini na mvua inanyesha. Nimemwambia ndama itarudi na njia hiyo hiyo.