Jogoo wa Mama Brayo

Jumanne, usiku

Eti jogoo. Mama Brayo amemleta leo mchana ili tumalize mambo nyumbani, na kesi ya mwanawe inaanza kesho hapa Kakamega. Brayo ndiye aliyesambaza picha zangu za uchi tulipoachana.

Nilijua tukimchinja huyo jogoo, kesi imekufa. Nikamwangalia mama yangu. Tangu picha zitoke hajaniangalia usoni.

Akamshika jogoo miguu, akamrudishia mwenyewe.

"Rudi na kuku yako, Mama Brayo. Siku hizi kuna sheria. Msichana wangu ataongea mbele ya hakimu."

Bado naogopa maswali ya wakili wao. Naogopa sana. Lakini jioni hii Mama amepiga pasi nguo mbili: yangu, na ile yake ya kanisa.