Jina Lako Wamempa Mtoto wa Yaya

Koko wangu mpendwa,

Hapa nyumbani wanasema umerudi. Yaya Nadège, dada yangu mkubwa, amejifungua mtoto wa kike, na Jumapili iliyopita wamempa jina lako, Domitila. Papa, mwanao, alimpokea mikononi akamwambia, "Maman, karibu kwako," na tante Espérance akapiga vigelegele mpaka jirani wa juu akafungua dirisha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Nilifurahi kwa uso tu.

Ninakuandikia wewe, bibi yangu, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia kwamba ninamwonea wivu mtoto ambaye hata kitovu chake hakijapona.

Wewe unajua jina hilo lilipaswa kuwa la nani. Kwenye familia yetu msichana wa pili hubeba jina la mama wa baba, na msichana wa pili ni mimi. Uliniambia jinsi ulivyopanda gari kutoka Katana siku ya tatu baada ya kuzaliwa kwangu, kuku wawili miguuni, ukija kumwona ndoyi wako, mtu wa jina lako. Maman akakukaribisha vizuri, akakupa chai, kisha akasema, "Hapana, maman. Ile jina iko ya bazee. Batamucheka ku masomo." Nikaitwa Ornella. Ulimaliza chai, ukaacha kuku, ukarudi Katana siku ileile. Ulikuwa ukinisimulia kama kichekesho, lakini kila ulipofika kwenye chai uliangalia pembeni.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili miguu yako ilipokataa kupanda vilima vya mashamba, na papa akakuleta hapa Kadutu ukae chumbani kwangu. Wengine walisema maskini Ornella, atabanana na mzee. Hawakujua. Kila siku nikitoka shuleni nilikuosha miguu kwa maji ya moto na chumvi, halafu tukakaa nyuma ya nyumba na sahani ya maharage. Ni hapo uliponiambia kuhusu jina dogo.

"Domitila, padri alilitoa mu kitabu," ulisema. "Lakini Tila, maman wangu njo alilitoa, mu kinywa yake mwenyewe."

Alikuita hivyo kutoka ng'ambo ya migomba, na alipokufa hakuna mtu aliyekuita hivyo tena, hata mume wako. Ukaokota jiwe kwenye maharage, ukalitupa, ukasema, "Sasa nitaita weye. Lakini usiambie mama yako. Atawaza namunyanganya mutoto."

Hivyo kwa miaka mitano nilikuwa Ornella darasani, Ornella kanisani, Ornella kwenye karatasi za mtihani wa taifa. Nyuma ya nyumba nilikuwa Tila. Unanijua, Koko. Mwalimu akitaja jina langu nilisubiri alitaje mara ya pili. Uliponiita wewe kwa lile dogo, niliitika bila kufikiri.

Sasa nikuambie ya Jumapili. Mume wa Yaya alikubali kwamba mtoto wa kwanza amechukua jina la upande wao, basi huyu achukue la kwetu. Yaya akasema anataka lako. Nilimwangalia maman. Nilisubiri aseme ni jina la wazee. Maman akaweka mkono kifuani, akasema, "Jina nzuri sana. Siku hizi majina ya zamani njo iko mode."

Nilitaka kumuuliza hiyo mode, hiyo fasheni, ilikuwa wapi miaka kumi na minane iliyopita. Nikamimina chai.

Baada ya hapo wakaanza kutafuta jina la kumuitia nyumbani, kwa sababu Domitila ni refu kwa mtoto mdogo vile.

"Domi," papa alisema.

"Domi iko ya mwanaume," tante akajibu. "Yule fundi wa pikipiki hapa chini, si anaitwa Domi? Mutoto atanuka mafuta."

"Basi Titi," Yaya akasema.

"Titi ni jina ya paka, Nadège," maman akasema.

"Dodo," papa akajaribu tena.

"Dodo njo tunaambiaka batoto balale. Utamuita akuje kula, atasinzia," tante akasema.

Walicheka sana. Hata mimi nilikuwa karibu kucheka. Kisha papa akanigeukia, na wote wakanigeukia, na unajua jinsi ninavyokuwa nikiangaliwa na watu wengi. "Ornella, weye ulikaa naye chumba moja. Maman wangu walikuwa banamuita nani akiwa mutoto?"

"Sijui, papa."

Nilidanganya, Koko, tena bila kuona haya. Niliona kwamba wamechukua Domitila, wamechukua na papa, wacha hilo moja libaki kwangu.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Maman alifungua sanduku lako akatoa kitenge cha ndege wa njano, kile ambacho mimi ndiye niliyekuwa nakikunja upya kila mwezi, akambeba nacho mtoto. Nilipouliza, alisema, "Si iko yake? Si yeye njo mwenyewe?" Papa bado hajaniuliza ninataka kusoma nini baada ya diploma ya sekondari, lakini kila asubuhi anamuuliza mtoto kama amelala vizuri.

Jumatano nilimwogesha mimi, maana Yaya bado haruhusiwi kuinama. Alikaa kwenye kiti karibu na beseni. Mtoto alilia, Yaya akajaribu Domi, akajaribu Titi, kisha akaniangalia mimi.

"Unanuna tangu ile siku ya majina."

"Sinuni."

"Unanuna. Ornella, miye sikufika hata ku kilio." Unakumbuka aliolewa Luberizi, na wiki tuliyokuzika barabara ilikuwa imefungwa. "Weye ulimupata Koko miaka tano, kila siku. Miye nilimupata ku telefone, na resò inakatika. Nikasema, nikipatia mutoto jina yake, na miye nitakuwa na kitu. Nilikuwa na wivu yako, unajua?"

Sikujua. Haijawahi kunijia kwamba kuna mtu anaweza kutamani kuwa mimi. Nilimmwagia mtoto maji mgongoni, nikamwinamia, nikasema kwa sauti ndogo, "Tila."

Nilitaka tu kuona. Mtoto akaendelea kulia vilevile. Nisikufiche, nilifurahi. Hakuwa wewe. Alikuwa mtoto tu, mwenye sabuni machoni.

Lakini Yaya alikuwa amesikia. "Umesema nini?"

Ningeweza kusema sijasema kitu. Mimi ni mtu wa kutosema kitu, angeniamini. Nilimsuuza mtoto mpaka maji yakaanza kupoa. Kisha nikamweleza: mama yako, migomba, sauti ya ng'ambo. Nilimweleza yote isipokuwa sehemu yangu. Yaya akalitamka mara mbili tatu, akafuta macho kwa kanga ya mtoto.

Saa sita nyumba nzima ilikuwa nalo. Papa alipoambiwa alitoka nje, akasimama uani muda mrefu akiangalia ziwa kule chini ya mji. Tante akasema hilo sasa ni jina, si kama la yule fundi. Kila aliyelisema, nilihisi kama mtu ameingia chumbani kwetu bila kubisha hodi.

Na jana, Ijumaa, nilikuwa nyuma ya nyumba nikifua. Mtoto akaanza kulia huko ndani, na maman akaita kutoka jikoni, "Tila, Tila, nakuja."

Nikaitika. "Maman?"

Ilitoka yenyewe. Nilipojua nimefanya nini nilizamisha mikono kwenye povu, nikaomba awe hajasikia. Alisikia. Alitokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Nani alikuwa anakuita vile?"

"Koko."

"Tangu lini?"

"Tangu alikuja kukaa hapa."

 Nilimwona maman akihesabu ile miaka usoni mwake, na nadhani alifika mpaka kwenye ile chai. Ndani mtoto alizidi kupiga kelele. Nilingoja aende. Maman aliweka mwiko chini, akakunja mikono ya blauzi, akachukua upande wa pili wa shuka nililokuwa ninakamua. Tukalikamua pamoja, yeye huku, mimi kule, mpaka halikutoka tena tone. Mtoto alilia muda wote huo, na maman alibaki na mimi.

Wivu bado ninao, Koko. Kesho watambatiza, nami nitashika mshumaa na kutabasamu. Pumzika huko uliko. Na mama yako akikuita, itika wewe.

Mjukuu wako wa Kadutu,
Ornella